Kobe wa Mjomba na mzigo wa Ukambani

MJOMBA wangu alipostaafu kazi ya ualimu mwaka 2023, kila jamaa alikuwa na lake la kumshauri kuhusu kiinua mgongo. Wa kwanza alitaja ploti, wa pili kuku wa mayai, wa tatu matatu. Mzee aliwasikiliza wote, akawashukuru, kisha akatangaza kwamba yeye atanunua pikapu, na juu ya pikapu hiyo ataweka chumba cha kulala.

Walimcheka. Mimi pia nilicheka, lakini nilinyamaza nilipoelezwa sababu.

Mjomba alizaliwa upande wa Mutomo, kusini mwa Kitui. Nyumba ya nyanya yangu huko iliangushwa na mchwa miaka michache baada ya mwenyewe kuzikwa, mwaka 2017. Aliyebaki pale ni dada yake mkubwa, mama aliyepita miaka 80, na kibanda chake kimejaa wajukuu. Anti, mkewe Mjomba, alifanyiwa upasuaji wa nyonga na hawezi kulala penye kitanda kisicho sawa, wala kwenda choo cha mbali usiku. Kwa hivyo tangu mazishi yale hawajawahi kulala nyumbani hata usiku mmoja. Hufika saa tano za mchana, hula, na ifikapo saa tisa huaga. Na kila mara dada yake huwashika mkono mlangoni na kuuliza, "Mnakimbia nini?"

Hilo swali ndilo lililomfanya Mjomba atake gari lenye kitanda.

Katika nchi za mbali jambo hili si geni. Marekani watu hununua chumba kizima, chenye jiko na choo, wakakipachika juu ya pikapu kama kofia. Vingine vina uzito wa zaidi ya tani moja, na wenzetu hao wana pikapu kubwa za kuvibeba. Lakini magari hayo yana usukani wa kushoto, na sheria ya Kenya hairuhusu gari la namna hiyo kusajiliwa kwa matumizi ya kawaida. Sisi tunabaki na pikapu tunazozijua: Hilux, D-Max, Land Cruiser na jamaa zao.

Kabla ya kununua, Mjomba aliamua kufanya jaribio. Rafiki yake alimwazima pikapu yenye kabini mbili, gari zuri lenye rangi ya kung'aa, bampa ya chuma mbele na vyuma vya mizigo juu. Fundi mmoja wa jua kali akamtengenezea chumba cha mbao na mabati juu ya fremu ya vyuma vya pembe, chenye kitanda cha futi saba. Tulikiita Kobe. Mwisho wa Februari 2025, shule zilipofunga kwa muda mfupi wa katikati ya muhula, tukaanza safari: Mjomba kwenye usukani, Anti kando yake, mimi na mjukuu wao wa miaka tisa nyuma.

"Mpwa wangu," Mjomba aliniambia tulipokuwa tukifunga kamba ya mwisho, "hii ni pikapu ya tani moja. Tani moja ni kilo elfu moja. Sisi na vitu vyetu hatuwezi kufika hapo."

Nilikubali. Kwani mimi ningejuaje?

Maembe ya Wote

Tulipita Machakos, tukaiacha Katumani, penye kituo cha utafiti kilichowapa wakulima wa nchi kavu mahindi yanayokomaa mapema, tukashika lami ya kwenda Wote. Msomaji ambaye hajaipita barabara hii anakosa mengi. Vilima vimekatwa matuta kutoka chini hadi juu, na kila tuta ni jasho la vikundi vya kina mama na majembe yao. Kisha nchi inashuka, joto linapanda, na miembe inaanza. Kuanzia Novemba hadi Machi hivi Makueni hunuka maembe. Serikali ya kaunti ilifungua kiwanda cha kuyasindika huko Kalamba mwaka 2017, lakini mengi bado huondoka kwa magari kuelekea Nairobi na Mombasa.

Wote tulisimama kununua chai. Kando yetu kulikuwa na pikapu kuukuu ya kabini moja, imetandikwa nyasi kavu, na vijana wawili wakipanga maembe kwa mkono kama mayai. Mwenye gari, mwanamume wa makamo, alitusalimu kwa heshima, kisha akamzunguka Kobe polepole, mikono nyuma.

"Mzee, shikamoo. Gari lenu linatazama mawinguni."

Tuliangalia. Kweli, pua ya gari ilikuwa juu na mkia chini. Sasa nilielewa kwa nini madereva waliotukabili alfajiri walikuwa wakituwakia taa kwa hasira. Taa zetu zilikuwa zikiwapiga machoni.

"Ni mzigo kidogo tu," Mjomba akajitetea. "Na wewe hapo umebeba ngapi?"

"Maembe elfu mbili. Sipiti hapo." Akafafanua kwamba embe moja la aina ya apple, lililokomaa vizuri, yeye hulihesabu kuwa gramu 400. Elfu mbili ni kilo 800. "Wenzangu hupakia elfu tatu. Nami nilikuwa nikipakia, mpaka siku ekseli iliponikatikia kwenye mteremko nikiwa na utingo wangu. Tulitoka salama kwa sababu Mungu alitaka. Tangu siku hiyo nahesabu."

Alituonyesha jambo ambalo, nakiri, sikulitilia maanani wakati ule. Sehemu ya kubebea mizigo ya pikapu yetu ilikuwa na urefu wa kama mita moja na nusu tu, kwa kuwa kabini ya pili imekula nafasi. Kitanda chetu kilikuwa kirefu kuliko hapo, kwa hivyo zaidi ya nusu mita ya chumba ilining'inia nje, nyuma ya magurudumu. Gari lake la kabini moja lilikuwa na sakafu ya zaidi ya mita mbili, na sehemu kubwa ya mzigo wake ilikuwa mbele ya ekseli ya nyuma au juu yake.

"Ukimbeba mtoto mgongoni vizuri unatembea siku nzima," alisema. "Akining'inia nyuma, hata awe mwepesi, atakuangusha."

Mjomba alicheka, akamnunulia chai. Kisha tukaondoka, pua juu vile vile.

Kutoka Wote tulishuka hadi Makindu kwa lami. Hapo tulilipitia hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 na ambalo hadi leo humkaribisha msafiri yeyote, wa dini yoyote, kwa chakula na mahali pa kulala bila malipo. Mjukuu alishangaa kuona watu wakila bila kuulizwa pesa. Anti alitoa sadaka na kukaa kivulini kwa muda mrefu kuliko tulivyopanga, kwa sababu gari lilikuwa likimrusha. Alisema lilikuwa linatikisika kama kitanda chenye mguu mmoja mfupi.

Kibwezi tuliacha barabara kuu ya Mombasa na kushika kushoto. Zamani njia hii ya kwenda Mutomo na Kitui ilikuwa vumbi na mawe, na mtu aliyefika alishukiwa kuwa na jambo kubwa. Sasa ni lami laini. Mibuyu imesimama huku na huku kama wazee wa baraza, na baada ya muda unauvuka mto Athi na kuingia Kaunti ya Kitui. Kwenye lami hiyo Kobe alienda vizuri. Mjomba akaanza hata kuimba.

Punda wa mitungi minne

Baada ya Ikutha, kabla ya Mutomo, tuliacha lami na kuingia njia ya udongo ya kwenda nyumbani. Hapo ndipo wimbo ulipokoma. Kila bonde dogo liliipiga springi ya nyuma hadi mwisho wake, chuma kwa chuma. Kila kona Kobe aliinama upande mmoja, akafikiri, kisha akarudi. Kilomita chache mbele tulifika kwenye mto.

Mito mingi ya Kitui ni ya namna hii: wakati wa mvua hufurika kwa saa chache na kubeba miti mizima, kisha hubaki mchanga mtupu. Mgeni husema mto umekauka. Mwenyeji anajua kwamba maji yako chini ya mchanga, mbali na jua. Ndiyo sababu watu wa huku hujenga kuta za saruji kukata mto, mchanga ukajaa nyuma ya ukuta na maji yakajaa ndani ya mchanga. Tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL pamoja na wanavijiji wamejenga mamia ya mabwawa hayo ya mchanga huko Kitui. Mbele yetu, mita mia moja hivi juu ya kivuko, kulikuwa na shimo la kuchotea, akina mama watatu na punda.

Mjomba aliingia mchangani kwa kasi. Gari lilienda mita kumi, likapunguza mwendo, magurudumu ya nyuma yakazunguka mahali pamoja na kuchimba. Tukazama hadi kwenye ekseli.

Tulichimba kwa sepetu. Tulipunguza upepo wa matairi, maana tairi legevu hutandaza uzito juu ya mchanga, ingawa ni lazima ujaze tena ukitoka, la sivyo hupata joto na kupasuka. Tuliweka matawi. Hatukusogea. Jua la saa nane lilikuwa juu ya vichwa vyetu, na Anti, ambaye hakuweza kusimama mchangani kwa sababu ya nyonga, alikuwa ameketi garini akijipepea kwa gazeti.

"Tupunguze uzito," Mjomba akasema hatimaye. Tulikuwa tumebeba lita 160 za maji kwenye tangi lililofungwa chini ya kitanda. Lita moja ya maji ni kilo moja. Hesabu hiyo hata mjukuu aliijua. Mjomba aliinama, akaishika koki na kuanza kuifungua.

Sauti ikatoka nyuma yetu. "Hapana! Hapa maji hayamwagwi!"

Mmoja wa wale akina mama alikuwa anakuja mbio, mtungi mtupu mkononi. Hakuwa na hasira, alikuwa na mshtuko, kama aliyeona mtu akichoma pesa. Mjomba, mwana wa sehemu hiyo hiyo, aliifunga koki na kutazama chini. Miaka thelathini na zaidi ya bomba la Nairobi ilikuwa imemsahaulisha.

Maji yale yaliteremshwa mtungi kwa mtungi, lita 20 kila mmoja, hadi mitungi saba ikajaa. Wanawake walikuwa wamebaki na safari mbili za kuchota siku hiyo, na sasa hawakuzihitaji. Wakati wa kupakia, mjukuu wetu aliuliza kwa nini punda amepewa mitungi minne tu ilhali ilikuwepo mingine pale chini.

"Minne ni yake," mama yule alijibu. "Ukimwongeza wa tano, hulala chini." Kisha akamgeukia Anti, aliyekuwa akichungulia dirishani, akacheka kwa upole. "Mwaitu, gari lenu halijui kulala chini. Ndiyo taabu yake."

Kilo 140 zikiwa zimeondoka, na mikono sita ikisukuma, Kobe alitoka.

Usiku mmoja nyumbani

Tulifika jioni. Mama mkubwa alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango. Alitutazama tukiteremka, akatazama kibanda mgongoni mwa gari, akauliza kama tunahama.

"Tunalala," Anti akamwambia.

Alirudia neno lile mara mbili, kana kwamba anapima kama limeiva. Kisha akawaita wajukuu wakaweke sufuria ya muthokoi motoni, akaja mwenyewe kukikagua kitanda, akagonga bati kwa kifundo cha kidole, akaketi juu ya godoro kando ya Anti. Wakabaki humo hadi usiku mwingi. Sisi tuliokuwa nje tulisikia wakicheka, kisha kunong'ona, kisha kucheka tena. Mjomba hakuingia kulala hadi saa sita, kwa kuwa mahali pake palikuwa pamekaliwa, na hakulalamika.

Mimi nililala kwenye kibanda cha jikoni na wajukuu, na usiku kucha nilikuwa nikifikiria ule mto tutakaouvuka tena.

Kesho yake hatukuondoka saa tisa.

Tulipoondoka siku ya tatu, lilitokea jambo ambalo wakazi wa mji wanaosoma haya wanalijua fika. Hakuna anayetoka Ukambani mikono mitupu. Ndengu zilikuwa zimevunwa, kwa hivyo tulipewa nusu gunia. Kikaja kikapu cha maembe, halafu kingine kutoka kwa jirani ambaye hakutaka kupitwa. Yakaja maboga, asali kwenye chupa, kiondo kipya cha Anti, na majogoo wawili waliofungwa miguu. Nani angekataa? Mjomba alijaribu kusema gari limejaa. Dada yake alimwangalia tu.

Tulirudi kwa njia ya Kitui mjini. Mjukuu alitaka kuliona jiwe la Nzambani, lile ambalo husemwa kwamba ukilizunguka mara saba mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke mwanamume. Alizunguka sehemu tu, kwa tahadhari, akarudi. Kutoka juu, ambako mtu hupanda kwa ngazi ya chuma, unaiona Kitui ikienda mpaka macho yanachoka. Kwenye nchi hii ndiko Kivoi, yule mfanyabiashara mkuu wa Wakamba, alikoishi na kutoa misafara ya pembe za ndovu kwenda pwani, na ndiko mmisionari Krapf aliuona Mlima Kenya mwezi wa Desemba mwaka 1849. Nilimweleza Mjomba kwamba katika misafara ya karne ile mzigo wa mpagazi mmoja aghalabu ulikuwa frasila mbili, yaani kama kilo 32, na haukukisiwa kwa macho bali ulipimwa kabla ya safari. Mjomba, mwalimu wa hesabu kwa miaka mingi, alinitazama kwa muda.

"Walipima kwanza," akasema. Hakuongeza neno hadi Machakos.

Mizani haina aibu

Karibu na Athi River kuna mizani za watu binafsi ambazo hupima malori kwa malipo. Mjomba aliingia kwenye moja, akaomba magurudumu ya mbele yapimwe peke yake, kisha ya nyuma, kisha gari zima. Mpimaji alimwona mtu wa ajabu, lakini alipima.

Mbele: kilo 1,150. Nyuma: kilo 1,830. Jumla: kilo 2,980, sisi sote tukiwa ndani.

Kwenye mlango wa pikapu kuna kibao kidogo cha chuma ambacho wengi hawajawahi kukisoma. Chetu kilisema gari likiwa limejaa lisizidi kilo 2,900, na ekseli ya nyuma isizidi 1,650. Kwa jumla tulikuwa tumepita kwa kilo 80 tu, jambo ambalo mtu angeweza kulichukulia kuwa dogo. Lakini ekseli ya nyuma ilikuwa imepita kwa kilo 180, kwa ajili ya kile chumba kilichoning'inia. Na hapo maji yalikuwa yamekwisha. Tulipoondoka Nairobi hali ilikuwa mbaya zaidi.

Jioni hiyo mezani Mjomba alifungua daftari la mwalimu na kuandika hesabu yote. Gari tupu, kwa mujibu wa kitabu chake, kilo 1,950. Ukitoa kwenye 2,900 unabaki na 950, ndiyo ile "tani moja" yetu. Chumba cha fundi, kilipoteremshwa na kupimwa, kilo 380. Sisi wanne, 256. Maji, 160. Bampa na vyuma ambavyo rafiki yake aliongeza baada ya kununua gari, 70, maana kitabu cha gari hakivijui. Gurudumu la pili la akiba, jeki na sepetu, 60. Betri ya taa, jiko na mtungi wa gesi, 50. Godoro, mablanketi, viti na vyombo, 55. Chakula, 30. Jumla 1,061. Tulikuwa tumezidisha kabla hatujatoka langoni, na hapo hata jogoo mmoja alikuwa bado hajafungwa miguu.

Tangu hapo nimemsindikiza mara kadhaa kwenye nyua za kuuzia magari, na nimejifunza zaidi ya nilivyotarajia. Wauzaji hupenda kuzungumzia nguvu za injini, ngozi ya viti na redio. Mjomba huinama mlangoni kutafuta kibao. Muuzaji mmoja alimhakikishia kwamba wataongeza majani mawili ya springi nyuma na gari litabeba chochote. Mjomba alimwuliza kama ataongeza pia breki, beringi, ekseli na chesisi. Springi ngumu humfanya Kobe asiiname, lakini uzito ule ule bado unakaa juu ya vyuma vile vile, na breki zile zile ndizo zitakazousimamisha kwenye mteremko. Kibao hakibadiliki.

Matairi nayo yana lugha yake. Ubavuni mwa tairi kuna namba ndogo baada ya ile ya ukubwa. Namba 110 inamaanisha tairi moja hubeba hadi kilo 1,060. Namba 121 inamaanisha kilo 1,450. Tairi pana la kupendeza linaweza kuwa na namba ndogo kuliko tairi jembamba la mzigo, na anayenunua kwa macho hudanganyika.

Kuhusu gari lenyewe, kwangu mimi kabini mbili kwa kazi hii ni kosa, na nasema hivyo nikijua wengi wanaipenda. Ni gari la familia lenye kisanduku nyuma. Kabini moja, yenye sakafu ndefu na springi za majani, ndiyo iliyoumbwa kwa mzigo. Hilux na D-Max za kabini moja, hii ya pili ikiunganishwa hapa hapa Nairobi, hubeba kiasi cha tani moja, pungufu au zaidi kutegemea toleo, na vipuri vyake vinapatikana hadi kwenye maduka ya Mutomo. Land Cruiser ya pikapu, ile ya mtindo uliotoka mwaka 1999 ambayo polisi na mashirika ya misaada huitumia, ina chesisi nzito zaidi na kivuko kama kile hakiitishi sana. Lakini bei yake humfanya mstaafu atafute kiti, na injini yake haina huruma kwenye mafuta. Kuna waliomshauri achukue Canter. Hiyo ingebeba chumba na nusu ya kijiji. Ila lori likifika uzito wa kilo 3,500, sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti mizigo inalihusu, lazima liingie kwenye mizani za barabarani, na Anti amesema wazi kwamba nyonga yake haipandi lori.

Mwishowe ameamua: kabini moja, ya mtumba, kibao kikisomeka na chesisi ikiwa haijachomelewa. Chumba kipya kinatengenezwa, safari hii kwa alumini na plaiwudi nyembamba, paa la turubai, na fundi ameambiwa kwamba kikipita kilo 220 hakitalipiwa. Tangi la maji litakuwa sakafuni mbele ya ekseli. Viti ni vitatu, vya Mjomba, Anti na mjukuu. Mimi nimeambiwa nitakuja kwa basi.

Juzi nilikuwa nikilitazama lile daftari. Hesabu mpya imeandikwa kwa mwandiko wa ubao, safi, kila kitu na uzito wake, na chini kabisa Mjomba ameacha kilo 150 na kuandika "zawadi". Lakini mtu mwingine, kwa kalamu nyekundu na mwandiko ninaoujua, alikuwa ameikata namba hiyo, akaandika 200, na pembeni yake: "Pamoja na kuku."